Kuhamisha ofisi kutoka Windows kwenda Linux Mint, hatua kwa hatua, kwa wenye steshenari na ofisi ndogo Kigoma

Naandika hii sababu maswali ni yale yale. Mwenye steshenari Gungu anauliza, wakala wa mizigo kule bandarini anauliza, mwalimu wa tuisheni Ujiji naye anauliza: hivi hii Linux (mfumo wa kompyuta wa bure unaokaa mahali pa Windows) inafanya kazi za ofisi kweli, na nikiipiga faili zangu zitabaki? Inafanya, na faili zitabaki kama utafata mpangilio. Wengi nilioona wakishindwa walianzia mwisho, yaani wamepiga Linux siku ya kwanza asubuhi alafu ndo wanaulizana Word iko wapi na mteja kashasimama kaunta na cheti chake cha kuskani. We anza na kazi zako, uje kwenye programu, mashine yenyewe iguse mwishoni kabisa.

Kwa nini sasa hivi? Windows 10 ilikatiwa apdeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Sasa angalia kompyuta za humu mjini, nyingi ni used zinazotoka Dar, i3 na i5 za kizazi cha 3, cha 4. Mashine nzima kabisa, inaprinti vizuri, ila Microsoft keshaachana nayo. Na tukisema ukweli, Windows nyingi zilizopigwa mitaani ni za kuchakachua, na zile programu za kuichakachua ndo zinaingia na virusi vinavyogeuza folda za wateja kuwa shotikati.

Mwongozo huu ni wa Linux Mint. Ubuntu, Linux nyingine, nayo ni nzuri (na Muha yeyote ukimtajia hilo jina humtafsirii), Mint yenyewe imejengwa juu ya Ubuntu, ila muonekano wa Mint uko karibu na Windows tuliyoizoea, menyu iko chini kushoto, na kwa mtu wa kaunta hilo ni jambo kubwa.

MAHITAJI KABLA HUJAANZA

- Kompyuta MOJA. Hata kama ofisi ina tano, anza na moja, tena sio ile ya kaunta inayobeba kazi zote.
- RAM 4GB. Kwa 2GB itawaka lakini ukifungua brauza na tabu nyingi utateseka. Diski iwe na angalau 20GB wazi, 100GB ndo raha. Prosesa iwe ya 64-bit, za 32-bit Mint ya sasa haiziwezi.
- Flashi ya 8GB ambayo uko tayari ifutwe yote.
- Diski ya nje au flashi kubwa kwa ajili ya bakapu. Hii ni tofauti na ile ya juu, usijaribu kuziunganisha.
- Bando. Faili la kushusha linakaribia 3GB, na apdeti za kwanza zinaweza kufika GB nyingine kadhaa, kwa hiyo subiri bando la usiku.
- Umeme wa uhakika. Laptopu iwe na betri inayokaa, kompyuta ya mezani iwe na UPS. Kigoma hii unaijua.
- Daftari na kalamu. Usicheke, ndo kifaa cha kwanza kutumika.

HATUA

1. Andika kila kazi inayofanyika kwenye hiyo ofisi.

Kaa na wafanyakazi, uliza dada wa kaunta, yeye ndo anajua kuliko bosi. Andika kazi, programu inayotumika, na mashine inayohusika. Alafu zigawe.

Kazi za brauza hazina shida yoyote: maombi ya mkopo HESLB, Ajira Portal, BRELA, leseni za biashara kwenye TAUSI, zabuni za NeST, mambo ya TRA mtandaoni. Zote hizo unafungua Firefox au Chrome, haijalishi chini yake kuna Windows au Linux. Steshenari nyingi za hapa ukizihesabu vizuri utakuta nusu ya siku au zaidi wako ndani ya brauza.

Kazi za Word, Excel na PowerPoint zinafanywa na LibreOffice, nitaeleza mbele.

Kuprinti na kuskani inategemea modeli ya printa, kwa hiyo andika jina kamili lililoandikwa mbele ya mashine, usiandike tu "HP". Mashine ya EFD ile inayojitegemea haina habari na kompyuta yako, lakini kama risiti zako zinatoka kwa programu iliyopo ndani ya kompyuta muulize aliyekuuzia kwanza kama ina toleo la Linux au inafunguka kwa brauza.

Alafu zipo programu za Windows tu: CorelDRAW, Photoshop, QuickBooks ya kwenye kompyuta. Hapa sitakudanganya. Inkscape na GIMP, programu za michoro na picha za Linux, zinafanya kazi nyingi za kadi, bango na paspoti saizi, lakini fundi aliyezoea Corel miaka kumi ukimbadilishia ghafla msimu wa harusi umemharibia kazi. Kama una kazi za namna hii bakiza mashine moja ya Windows. Ofisi yenye Linux nne na Windows moja ni ofisi nzuri tu.

2. Badilisha programu kwanza, Windows ibaki vilevile.

Hii hatua watu wanairuka na ndo ninayoitetea kuliko zote. LibreOffice, Firefox, Thunderbird ya barua pepe na GIMP zote zinakubali ndani ya Windows. Ziweke leo kwenye kompyuta za ofisi, watu wazitumie mwezi mzima. Malalamiko yote yatatoka ndani ya huo mwezi, na Windows ikiwa bado ipo hakuna anayepaniki.

Sio wazo langu. Jeshi la Gendarmerie la Ufaransa lilianza 2005 kwa kubadili programu za ofisi tu, wakatumia OpenOffice ambayo ndo mzazi wa LibreOffice, 2006 wakaweka Firefox na Thunderbird, na ndo 2008 wakaanza kuhamia Ubuntu yao wanayoiita GendBuntu. Leo wana makumi ya maelfu ya kompyuta juu yake. Siku mfumo unabadilika askari alikuta programu zile zile alizozizoea, kilichobadilika ni picha ya nyuma tu.

Ukishaweka LibreOffice fanya hivi mapema: nenda Tools, Options, Load/Save, General, pale "Always save as" chagua Word 2010–365, alafu badili Document type kuwa Spreadsheet uchague Excel. Usipofanya hivyo faili zitajihifadhi kama .odt na mteja atakupigia simu kesho yake kwamba CV haifunguki kwake.

TAHADHARI: CV iliyoandikwa kwa Calibri itasogea, mistari itaruka ukurasa wa pili. Sio LibreOffice mbovu, ni fonti haipo. Kuna fonti inaitwa Carlito yenye vipimo sawa na Calibri, na Caladea ni mbadala wa Cambria. Na chochote kinachotoka ofisini kwenda kwa mtu mwingine kitume PDF.

3. Bakapu. Alafu ifungue.

Nakili Desktop, Documents, Downloads na Pictures, na folda zozote zilizojificha kwenye diski D. Hamisha bookmarks za brauza na paswedi zilizohifadhiwa. Kama unatumia Outlook tafuta faili la .pst, ndo linabeba barua pepe zako.

Ukimaliza chomoa hiyo diski ya nje, ichomeke kwenye kompyuta NYINGINE, ufungue faili kumi za tarehe tofauti. Miaka ya nyuma nilimpigia mtu mfumo hapa mjini, akaniambia bakapu ipo, nikaamini, kumbe alichonakili ni shotikati za folda, sio folda zenyewe. Kumbukumbu za wateja wake za miaka mitatu zilienda, na mpaka leo nikipita pale nasalimia kwa aibu. Toka siku hiyo siamini bakapu ambayo sijaifungua kwa mkono wangu.

4. Shusha Linux Mint.

Chukua kwenye tovuti yao rasmi, toleo la 22 ambalo lina apdeti hadi 2029. Kuna ladha tatu, kwa kompyuta zetu used chukua Xfce ndo nyepesi. RAM ikiwa 8GB na zaidi Cinnamon ni nzuri zaidi machoni.

Kabla ya kuitumia ihakiki. Kwenye Windows fungua Command Prompt ndani ya folda lilipo faili, andika:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Itatoka namba ndefu, ilinganishe na iliyoandikwa kwenye tovuti yao. Zikitofautiana hata herufi moja futa ushushe upya. Mtu ataona ni kupoteza muda, lakini tarehe 20 Februari 2016 tovuti ya Linux Mint yenyewe ilidukuliwa, wakabadilisha kiungo watu wakashusha ISO (lile faili la mfumo) iliyochezewa. Na kwa bando letu linalokatika katikati, faili kuwa pungufu ni jambo la kawaida.

5. Tengeneza flashi.

Shusha Rufus, programu ya Windows ya kuandaa flashi ya kuwakia, chagua flashi yako, chagua ISO, bonyeza Start, mengine yaache kama yalivyo. Itafuta kila kitu kwenye flashi. Chomoa flashi nyingine zote kabla ya kubonyeza, kuna watu wamefuta flashi ya mteja.

6. Iwashe bila kuipiga.

Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku unagonga kitufe cha kuchagua pa kuwakia: HP ni F9 au Esc, Dell, Lenovo na Toshiba ni F12, Asus Esc, Acer ni F12 lakini mara nyingi lazima uiruhusu kwanza ndani ya BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka). Mint itafunguka moja kwa moja toka kwenye flashi, Windows yako haijaguswa.

Hapa kaa nusu saa. Unganisha wifi, cheza sauti, chomeka printa uprinti ukurasa mmoja, skani kitambulisho, fungua Excel ngumu kuliko zote ulizonazo. Kisichofanya kazi hapa hakitafanya kazi kwa miujiza baada ya kupiga, kwa hiyo kitafutie dawa sasa. Itakuwa nzito kidogo sababu inasoma toka kwenye flashi, usiihukumu kwa spidi hiyo.

7. Sasa ipige.

Ukiwa bado ndani ya Windows angalia kama BitLocker (kufuli la Windows la kufunga diski) imewashwa, izime usubiri imalize. Zima pia Fast Startup kwenye Power Options. Alafu urudi kwenye flashi, bonyeza mara mbili "Install Linux Mint" pale Desktop. Lugha mi nawaachia Kiingereza sababu wafanyakazi wameshazoea maneno ya Save na Print, kibodi English (US), mahali Dar es Salaam, na weka tiki kwenye multimedia codecs (za kufungua video na miziki) kama una intaneti.

Swali zito linakuja: "Install alongside" au "Erase disk". Alongside inaacha Windows na Mint pamoja, Erase inafuta diski YOTE, D ikiwemo. Kuna watu wanadhani inafuta C tu. Hapana. Kwa mtu binafsi anayejifunza nasema weka zote mbili. Kwa mashine ya ofisi iliyopita hatua 1 hadi 6 mi nafuta yote, maana zikikaa mbili mfanyakazi akikwama dakika moja anarudi Windows na hatojifunza kamwe.

Dakika ishirini hivi imeisha. Chomoa flashi ikikuambia.

8. Siku ya kwanza.

Dirisha la Welcome litafunguka, nenda First Steps. Anza na Timeshift, inapiga picha ya mfumo ili ukiharibu kitu unarudi nyuma. Timeshift sio bakapu ya nyaraka zako, hizo tumia Backup Tool kwenda diski ya nje. Washa Firewall, ni kitufe kimoja tu. Kisha Update Manager. Mint haishushi apdeti yenyewe mpaka uiruhusu, kwa sisi wa bando hiyo ni baraka, ila jiwekee siku, mathalani Jumapili usiku. Usipoapdeti kabisa miezi sita usiseme Linux ni salama.

Alafu fungua Terminal (dirisha la kuandika amri) uandike hii kuongeza fonti na kamusi ya Kiswahili, ili LibreOffice iache kupigia mstari mwekundu kila neno la barua yako:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea hunspell-sw

Ukimaliza, kwenye barua yenyewe nenda Tools, Language uchague Kiswahili. Wale mnaopeleka mizigo Bujumbura na Kalemie ongezeni na kamusi ya Kifaransa, mtaandika barua kwa mwenzako wa ng'ambo ya ziwa bila aibu.

9. Akaunti mbili.

Akaunti ya Administrator ni ya bosi au fundi, paswedi haitajwi kaunta. Wafanyakazi wafungulie akaunti ya kawaida kwenye Users and Groups. Hawataweza kuingiza programu kwenye mfumo wala kuharibu mipangilio, hata mteja akija na flashi na kusema "niwekee hii mara moja". Kwa biashara naona hii peke yake inatosha kukuhamisha.

10. Printa.

Washa, chomeka, subiri dakika. HP nyingi zinajitambua zenyewe. Printa mpya za wifi nazo mara nyingi hazihitaji draiva. Epson za wino wa chupa zile L zinakubali, zikigoma chukua draiva ya Linux kwenye tovuti ya Epson. Kyocera kubwa za fotokopi nazo wana draiva ya Linux. Zinazosumbua ni Canon LBP za zamani kama LBP2900, zinatumia lugha yao ya CAPT, zinawezekana lakini utatoka jasho, kama ofisi yako inategemea hiyo moja iache kwenye mashine ya Windows.

Ukishaiona kwenye Printers ingia Properties uhakikishe karatasi ni A4, maana ikibaki Letter, saizi ya Marekani, kila kitu kitatoka kimesogea na utalaumu printa bure.

11. Watu.

Weka alama za Writer na Calc (ndo Word na Excel za LibreOffice), Firefox na Document Scanner pale pale zilipokuwa za Windows. Kaa ofisini siku mbili za mwanzo, usiache namba ya simu ukaondoka. Jiji la Munich, Ujerumani, lilihamisha maelfu ya kompyuta kwenda Linux, na bado 2017 baraza lao likapiga kura kurudi Windows. Siasa ilikuwepo, lakini na malalamiko ya watumiaji yalikuwepo. Mfanyakazi aliyekwama alafu hana wa kumuuliza atakurudisha ulikotoka.

MATATIZO YANAYOJIRUDIA

Naandika paswedi kwenye Terminal haionekani. Ndivyo ilivyo, hata nyota hazitokei, andika tu ubonyeze Enter.

Screen nyeusi ukiwasha flashi. Kwenye menyu ya kwanza chagua Compatibility Mode. Ukishapiga mfumo nenda Driver Manager uweke draiva ya kadi ya picha.

Diski haionekani wakati wa kupiga. Ingia BIOS, pale SATA toa RAID au RST weka AHCI. Onyo, kama unabakiza Windows pamoja itagoma kuwaka baada ya hapo, iandae kwanza au mwite anayejua.

Wifi hakuna kabisa. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa USB tethering, intaneti itaingia hapo hapo, kisha Driver Manager itafute draiva ya wifi. Hii imeniokoa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Saa ya Windows imerudi nyuma masaa matatu. Ni kwa wenye mifumo miwili, Mint inahifadhi saa ya dunia, Windows inaisoma kama ya hapa. Kwenye Mint andika:

timedatectl set-local-rtc 1

Diski ya Windows naiona lakini haikubali kuhifadhi kitu. Windows haikuzimwa vizuri au Fast Startup bado ipo. Rudi Windows, zima Fast Startup kama nilivyosema hatua ya 7, alafu uizime vizuri.

Umeme umekatika katikati ya apdeti na sasa inagoma kuweka kitu chochote. Usipige upya! Washa, fungua Terminal:

sudo dpkg --configure -a

ikimaliza:

sudo apt --fix-broken install

Kwa kawaida hapo inakaa sawa. Ikikataa hata kuwaka vizuri, wakia kwenye ile flashi ya Mint, fungua Timeshift, rudisha picha ya mwisho.

Mteja kaleta flashi imejaa shotikati, analia kazi zake zimepotea. Ichomeke kwenye Mint. Virusi vile ni vya Windows, hapa havifunguki, na vile vinavyoficha folda Mint haivijali, kwa hiyo folda zake utaziona, mara nyingine zimewekwa ndani ya folda lisilo na jina. Nakili kazi zake Desktop, futa flashi yote, mrudishie kazi ikiwa safi, na mwambie kompyuta aliyotoka nayo ndo inaumwa, asiichomeke tena kule kabla haijasafishwa.